Ukienda kutazama filamu za Radu Jude, usianze na ile yenye tuzo kubwa

Matamasha ya filamu huku Ulaya yana desturi ya kumuenzi mwongozaji mmoja kwa kuonyesha karibu kazi zake zote kwa mpigo. Tangu nilipozifuatilia filamu za Radu Jude, Mromania wa kejeli kali, jamaa wananiuliza swali lile lile: nianze na ipi?

Anza na Aferim! ya 2015. Wengi hukimbilia ile ya mwalimu Emi, Bad Luck Banging or Loony Porn, iliyopata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2021. Iache kwanza. Inafunguliwa na video ya chumbani ya mwalimu huyo na mumewe, waziwazi kabisa, na ukiwa umekaa na mkweo utatamani ardhi ipasuke.

Aferim! inakupeleka Wallachia, kusini mwa Romania ya leo, mwaka 1835. Askari Costandin na mwanawe wako juu ya farasi wakimsaka mtumwa wa Kiroma (jamii ya Waroma wa Ulaya, si watu wa mji wa Roma) aliyetoroka kwa bwana wake. Filamu haina rangi, ila Costandin hafungi mdomo: methali juu ya methali, matusi juu ya methali, kama mzee wa barazani aliyenogewa na kahawa. Unacheka. Mtumwa anakamatwa, utani unaendelea, nawe bado unacheka, mpaka unashtuka umeshakuwa upande wa wawindaji. Waroma wa huko waliachiwa huru kutoka utumwani mwaka 1856. Mtu wa pwani anayejua habari za soko la Unguja lililofungwa 1873 hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana nasema soma kidogo kabla ya kuingia ukumbini, hata dakika kumi za kwenye simu. Utani wa Jude umekaa juu ya mambo ambayo watu wa kwao hawapendi yasemwe. Katika filamu yake ya 2018, mwanamke anatayarisha igizo la hadharani, katikati ya Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Odessa, mji ulioko Ukraine ya leo. Ofisa wa serikali anambembeleza apunguze makali. Usipojua kwamba mwaka 1941 waliowaua maelfu ya Wayahudi wale walikuwa askari wa Romania, utaona watu wawili wanabishana tu, na makofi ya umati mwishoni yatakupita.

Jingine: filamu moja kwa siku inatosha. Ile ya 2023, Nu aștepta prea mult de la sfârșitul lumii (yaani, usitarajie makubwa kutoka mwisho wa dunia), ina dakika 163, na uhondo wake uko mwishoni, wakati baadhi ya watu wameshaanza kutafuta mlango. Kamera imesimama pale pale zaidi ya nusu saa. Mfanyakazi aliyeumia yuko kwenye kiti cha magurudumu, familia imemzunguka, wanarekodi video ya kampuni kuhusu usalama kazini. Anasimulia ajali yake. Anaombwa arudie, lakini hili asiliseme. Anarudia. Na lile pia aliache. Mvua inanyesha. Mwishowe anapewa makaratasi ya kijani yasiyo na kitu ayashike mbele ya kamera. Maneno yatawekwa baadaye kwa kompyuta. Hakuna anayepiga kelele, wote wana adabu zao, na sijaona kejeli inayouma kuliko hiyo.

Kaa viti vya katikati. Waromania wa Jude wanaongea mbio, maandishi ya tafsiri yanapita kama treni, na hapa hakuna DJ wa kukutafsiria kama kwenye vibanda vya video vya nyumbani. Tena usiwatazame wahusika tu. Mabango ya matangazo, magari yaliyopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu, mpita njia anayetukana: vyote hivyo vimo kwa makusudi.

Ukibaki na nafasi, chukua Kontinental '25, aliyoipiga kwa simu ya mkononi. Dracula ya mwaka huo huo, yenye picha za kutengenezwa na akili mnemba, mimi ilinichosha kabla ya nusu. Kama tiketi ni za kuhesabu, ruka hiyo.