Maswali ya Wasomaji: Kutenganisha Sauti na Picha Bila Kupoteza Madoido

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupiga na kuhariri video za harusi, na programu ninayoitumia ni Kdenlive. Katika video ya ndoa moja nilitaka sauti ya shehe akitoa nasaha iendelee kusikika huku picha ikionyesha mikono ya bibi harusi iliyopakwa hina. Nilikuwa nimekwisha kurekebisha rangi ya picha na kupunguza mvumo wa feni uliosikika nyuma ya maneno ya shehe. Nilipotenganisha sauti na picha, mvumo ukarudi kama ulivyokuwa mwanzo. Je, kuna njia ya kutenganisha bila kupoteza kazi iliyokwisha kufanyika? — Mpiga video, Tanga.

JIBU: Njia ipo, tena ni fupi. Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba kutenganisha kwenyewe hakufuti madoido, yaani marekebisho unayoyabandika kwenye picha au sauti. Madoido hukaa pale yalipobandikwa, na katika Kdenlive yanaweza kubandikwa mahali panne: kwenye klipu (kipande cha video au sauti) iliyokwisha wekwa katika mstari wa muda (sehemu ya kupangia vipande), kwenye klipu mama iliyomo katika ghala la mradi, kwenye njia nzima (safu moja ya mstari wa muda) ya sauti au ya picha, na kwenye mradi wote kwa jumla. Mtu anayesema madoido yake yametoweka mara nyingi ameiacha klipu yenye madoido na kuchukua nyingine isiyo nayo, au ameihamisha klipu kutoka kwenye njia iliyokuwa imebeba madoido hayo.

Hutokea hivi. Mhariri hufuta sehemu ya sauti katika mstari wa muda, kisha huburuta sauti ya klipu ileile kutoka ghalani na kuiweka chini. Kwa macho ni sauti ileile, lakini kwa programu hiyo ni nakala mpya, nayo huja na madoido yale tu yaliyobandikwa kwenye klipu mama. Wengine huichomoa sauti kwa programu ya pembeni kama FFmpeg, ambayo husoma faili ghafi lililotoka kwenye kamera na haina habari yoyote ya yale uliyoyafanya ndani ya Kdenlive. Na wako waliopunguza mvumo kwenye njia ya sauti yenyewe, si kwenye klipu, kisha wakaishusha klipu hadi njia ya pili. Hapo madoido hayakupotea, ila yamebaki juu yakisubiri klipu nyingine. Fungua orodha ya madoido ya ile njia ya kwanza uangalie, kwa sababu nashuku kwamba kisa chako ni hiki.

Sasa njia yenyewe. Tangu toleo la 19.04, lililotoka Aprili 2019, klipu yenye sauti ikiwekwa katika mstari wa muda huingia ikiwa sehemu mbili zilizofungwa pamoja kama kundi, yaani picha kwenye njia yake na sauti kwenye njia yake. Huna haja ya kufuta wala kuburuta chochote upya. Ichague klipu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na G kwa pamoja, na kundi litavunjika. Marekebisho ya rangi yatabaki kwenye picha, na upunguzaji wa mvumo utabaki kwenye sauti, kwa kuwa kila sehemu ilikuwa na orodha yake ya madoido hata kabla hazijaachana. Ukimaliza, zichague zote mbili ubonyeze Ctrl na G ili zifungwe tena, zisije zikapishana kwa bahati mbaya unapohamisha vitu vingine.

Kuna tahadhari moja, nayo inahusu kasi. Ukitaka kuiharakisha au kuipunguza mwendo klipu ambayo midomo inaonekana ikisema, fanya hivyo kabla ya kutenganisha. Kundi likishavunjika, badiliko la kasi litaigusa sehemu uliyoichagua peke yake, na maneno hayataendana tena na midomo.

Hata hivyo, kwa kazi uliyoieleza, mimi nisingetenganisha kabisa. Iache klipu ya shehe mahali pake ikiwa nzima. Chukua klipu ya mikono, uburute picha yake tu kwa alama ya filamu iliyo chini ya kioo cha kuonea klipu, uiweke kwenye njia ya picha iliyo juu ya ile ya shehe. Kilicho juu hufunika kilicho chini, kwa hiyo mtazamaji ataona hina huku akisikia nasaha, na sauti uliyoihangaikia haitaguswa. Ukitaka sauti ya shehe itangulie kidogo kabla sura yake haijaonekana, shika ukingo wa picha huku umebonyeza Shift na uuvute. Picha itafupishwa peke yake, sauti ibaki na urefu wake. Wanaotumia Premiere Pro, programu nyingine ya uhariri, hupata matokeo kama hayo kwa kubonyeza Alt wanapovuta ukingo.

Kuhusu kazi uliyokwisha poteza, Kdenlive hujiwekea nakala za akiba za mradi. Katika menyu ya faili, chagua Open Backup File na ufungue nakala ya wakati ambao mvumo ulikuwa umepungua. Ukiikuta sauti ikiwa na madoido yake, yahifadhi kama seti yenye jina, kisha rudi kwenye mradi wa sasa na uibandike seti hiyo kwenye sauti mpya. Ikiwa sauti nzuri na sauti ghafi zote zimo katika mradi mmoja, kazi ni nyepesi zaidi: nakili ile nzuri kwa Ctrl na C, chagua ile ghafi, kisha utumie amri ya Paste Effects.

SWALI: Nimetenganisha sauti bila tatizo, lakini kadiri video inavyoendelea maneno yanazidi kuachana na midomo. Nilirekodi kwa simu. Kosa liko wapi? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ikiwa mwachano unaongezeka polepole, chanzo si kutenganisha. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu (picha mojamoja zinazounda video) inayobadilikabadilika, ilhali programu ya uhariri huhesabu kwa idadi thabiti, tuseme fremu 25 kwa sekunde, ambapo kila fremu huchukua milisekunde 40. Kwa mujibu wa pendekezo BT.1359 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, au ikichelewa kwa milisekunde 125. Fremu mbili za kutangulia zinatosha kuharibu kiapo cha ndoa.

Libadilishe faili la simu liwe na idadi thabiti ya fremu kabla ya kuliingiza kwenye mradi. Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyo bila malipo, na matoleo mapya ya Kdenlive hutambua faili la aina hiyo na kukuuliza kama ungependa libadilishwe. Kubali. Ukibadilisha baadaye, wakati umekwisha kata na kubandika madoido, sehemu ulizozikata huenda zisiangukie mahali pake, na itakubidi uzipitie moja baada ya nyingine.