Ukienda Kew, Usimwache Mama Nyumbani

Juzi dada mmoja wa Leicester kaniandikia. Anakuja London Agosti na watoto wawili, na mama yake yupo kawatembelea kutoka Arusha. Je, awapeleke Kew, ile bustani kubwa ya mimea, au ni kutupa hela? Mama mwenyewe kasema abaki nyumbani, "miti nimeiona ya kutosha."

Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Ya lazima kwanza. Tiketi nunua mtandaoni mapema, langoni ni ghali zaidi. Panda treni ya District, shuka kituo cha Kew Gardens, geti la Victoria liko karibu tu. Beba maji. Narudia: beba maji.

Nasema hivyo kwa sababu mwaka jana sikubeba. Ilikuwa Julai, jua la kutoboa utosi, na mama yangu alikuwa na wiki ya pili tangu atue kutoka Muheza. Nilimvisha viatu vipya nilivyomnunulia mwenyewe (kosa la pili hilo), nikampiga picha stesheni, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Jibu la kwanza: "Umempandisha mama ndege aje aone migomba?" Vicheko vikamiminika. Nami nikacheka, lakini aliyeandika namjua na bado sijamsahau.

Na kweli, tulipoingia Palm House tukapokewa na mgomba. Jumba lile ni la chuma na vioo, lilijengwa kati ya 1844 na 1848, na ndani wanatunza joto na unyevu ili mimea ya kwetu idhani haijahama. Nje tulikuwa tunaungua, ndani tukawa tunachemka. Mama kasimama mbele ya ule mgomba, kimya. Aibu ikanishika, nikaanza kujieleza kama mwongoza watalii: Mama, bustani hii ilianza 1759, Mama, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2003. Akanikatiza.

"Machipukizi yamezidi. Hautazaa mkungu wa maana huu."

Kuanzia hapo mwongozaji akawa yeye. Kwenye mbuni akawaeleza wanangu kahawa inavyochumwa, inavyoanikwa, inavyokobolewa, mikono ikienda hewani kama vile kinu kiko mbele yake. Babu mmoja wa Kizungu na mjukuu wake wakasogea kusikiliza. Nikawa mkalimani wa mama yangu, na sijui kama kuna cheo nimewahi kupewa nchi hii kikanipendeza kuliko kile.

Ndipo akasema jambo ambalo mimi, mtu mzima mwenye watoto, sikulijua. Kwamba baba yake alikuwa kibarua Amani, kwenye bustani waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902 huko juu Usambara kujaribia mazao: kahawa, mikwinini ya dawa ya malaria, mipira. Utotoni alikuwa akimpelekea chakula. Mimi nimezaliwa Muheza, milima ile naiona kila nikitoka uani, na Amani sijawahi kukanyaga. Kew nilikuwa nimeshafika mara nne.

Humo humo Palm House kuna mmea wa chunguni, aina ya sikadi, mmea wa kale unaofanana na mtende, ulioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775. Wanasema ndio mmea wa chungu mkongwe kuliko yote duniani. Umelalia ubavu, umeegemezwa kwa vyuma, na tangu ufike umetoa koni mara 1 tu, mwaka 1819. Nikamtafsiria mama kibao. Akautazama, akanitazama mimi.

"Miaka yote hiyo, na bado yumo chunguni?"

Sikujibu. Nilimwambia tutafute kivuli.

Sasa nyie mnaochekea watu kwenye makundi, nisikilizeni. Watoto wetu hapa wanajua majina ya dinosaria hamsini, lakini ukiwauliza mdalasini ni jani au gome wanakodoa macho. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu supamaketi za hapa, asili yake ni milima yetu ya pwani, Usambara ikiwemo. Mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga alilipeleka kwao 1892, wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Si la bibi yako. Wewe ukilinunua unaona umenunua ua la Kizungu. Wazee wanayajua haya, na tunawafungia sebuleni na rimoti ya televisheni wasisumbuke, halafu tunasema watoto hawana mizizi. Nani awape?

Basi, dada wa Leicester, mchukue mama. Akikataa mwambie unahitaji mtu wa kuangalia watoto, hapo hatabisha. Palm House ingieni asubuhi, msije mkarudia yetu ya saa saba mchana. Viatu vya zamani. Maji. Sisi tulinunua chupa humo ndani, na mama alipouliza bei nikamdanganya.

Desemba tunakwenda Amani, mimi na wanangu, yeye akiwa mbele. Jana alinipigia simu kuhakikisha nimeshakata tiketi za ndege. Kabla ya kukata simu akaniuliza safari hii nitabeba maji au atubebee yeye.