Wewe wa Goma, usiunganishe chochote usiku huu

Simama hapo hapo, toa mkono kwenye kibodi.

Umeuliza jinsi ya kulinganisha katika Git (programu inayotunza historia ya msimbo) tawi lako la malipo, yaani kazi yako ya pembeni, na main (tawi kuu), kama utumie merge (kuunganisha) au rebase (kuhamishia kazi yako juu ya main), na programu ipi inaonyesha tofauti kwa rangi. Halafu mwishoni, kama mtu anayeaga mlangoni, ukadokeza kwamba usiku huu utaunganisha kwa -s ours "migongano isinisumbue". Chai ilinitoka puani.

Nilifanya hivyo hivyo hapa Bukavu. Tulikuwa na programu ya kupima kahawa ya ushirika mmoja wa kisiwa cha Idjwi. Mwenzangu alikaa wiki 3 kwenye tawi la mizani, mimi nimegusa mafaili yale yale. Kuunganisha: migongano 14, yaani mahali 14 ambapo wote tumebadilisha mistari ile ile. Bwana mmoja kwenye kikundi, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kukosea, akaniambia: "Andika ours, chukua yako, songa mbele." Hakusema ours ziko mbili, na kesho yake hakupokea simu!

Sikiliza basi. -X ours inachagua upande wako pale tu penye mgongano; mengine ya mwenzako yanaingia. -s ours haiangalii kabisa. Inatupa yote ya tawi lile, kisha inaandika kwenye historia kwamba limeunganishwa. Ndoa imeandikwa kitabuni, bibi harusi hajafika. Na mimi, kwa usafi wangu, nikafuta tawi.

Siku ya kuonyesha kazi, mama karani akaandika kilo 38, akabonyeza. Faranga 0. Akabonyeza tena, akanitazama mimi, si simu. Hata tawi lingekuwapo, ningejaribu kuunganisha upya Git ingejibu "Already up to date", hakuna jipya la kuingiza. Kwake kazi imeisha! Usiku mbili nikaandika kazi ya mwenzangu kwa kukumbuka, na sina kichwa cha kukumbuka hata mahali nilipoacha funguo.

Ujinga wenyewe ni kwamba kazi ilikuwapo muda wote. Komiti (rekodi ya badiliko kwenye historia) ya kuunganisha ina wazazi wawili: ^1 ni main ya kabla ya kuunganisha, na ^2, tawi la mwenzangu, ndiye yule niliyemtupa. Tulifungua tawi jipya kutoka ^1, tukaunganisha ^2 upya bila -s ours. Migongano ile 14 niliyoikimbia? Alasiri moja tu, na sambaza, visamaki vya ziwani, tulikula katikati.

Kwa hiyo kabla ya kusukuma kitu kwenye seva andika:

git diff HEAD^1 HEAD

HEAD ni komiti uliyopo sasa, ile ya kuunganisha. Hapo unaona kilichoingia kwenye main kwa kuunganisha kule. Pakiwa patupu, hakuna kilichoingia, hata historia iseme nini. Ningeiandika siku ile, mama karani asingenijua.

Kulinganisha kabla: git diff main...malipo, nukta tatu, utaona tawi lilicholeta tangu lilipoachana na main. Ukiweka mbili, mapya ya main yataonekana kama umeyafuta wewe, utapata presha bure.

Mambo ya rangi, mimi natumia terminali tupu. Ukishaunganisha, bandika hapa jibu la ile amri. Likiwa tupu usisukume, piga kelele hapa hapa, niko macho mpaka umeme ukatike.