Saa za kusubiri ndege huhesabiwa kuanzia mwisho

Juma lililopita msomaji mmoja wa Pangani aliniandikia ujumbe ulioanza kwa "Shikamoo dada", akaniuliza kama anaweza kutoka nje ya uwanja wa ndege wa Nairobi akatembee katika msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji hilo, wakati akisubiri ndege ya kuunganisha. Anakwenda Kigali kwa masomo ya muda mfupi. Safari ya kwenda atasubiri kwa saa 5, na ya kurudi kwa saa 10. Marahaba, mdogo wangu. Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja, lakini swali lako limenikuta ndiyo kwanza nimerejea nyumbani Raskazone, Tanga, kutoka katika safari iliyonifuta chozi la miaka mingi, nami siwezi kulijibu bila kulieleza chozi lenyewe.

Mwezi wa Novemba 2019 nilikuwa nakwenda Kampala kwenye mahafali ya mwanangu wa kwanza. Nilipanda basi alfajiri kituo cha Kange, hapa Tanga, nikalala Dar es Salaam, na kesho yake nikaruka hadi Nairobi. (Wapo watakaouliza kwa nini sikupitia mpaka wa Horohoro nikapandia ndege Mombasa, nilikuwa na kitenge cha sherehe cha kuchukua kwa fundi Kariakoo.) Nilitua saa 6 mchana, na ndege ya Entebbe ilikuwa iondoke saa 12 jioni. Kwa hesabu yangu nilikuwa na saa 6 nzima mkononi. Miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa ndani ya basi tangu jana yake, daktari alikwisha kuniagiza nitembee kila siku kwa ajili ya shinikizo la damu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikitamani kuuona msitu wa Karura. Kwa kuwa sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hatuhitaji viza kuingia Kenya, nilipita uhamiaji, nikachukua teksi, nikaenda.

Nilifika msituni saa 8 mchana. Sitasema kwamba msitu ule haukunifaa, kwa maana ulinifaa kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Karura ina hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji, ina mito, mianzi, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mtu aliyekulia karibu na Mapango ya Amboni hawezi kusikia neno pango akaendelea na njia yake. Nikaenda kwenye maporomoko, nikaenda kwenye mapango, kisha nikapoteza njia. Makutano ya vijia vya Karura yana vibao vyenye namba, lakini namba hazimsaidii mtu asiyechukua ramani langoni. Mvua ikaanza. Nilipotoka ilikuwa imekwisha kupita saa 10 jioni, na barabara za Nairobi jioni ya mvua zilikuwa zimefungana. Nilifika uwanjani dakika 20 kabla ya saa 12, nikidhani bado nina dakika 20. Lango lilikuwa limefungwa, na ndege niliiona kwa macho yangu kupitia kioo, ikiwa bado imesimama.

Ndege ya usiku ilikuwa imejaa. Nilipata ya kesho yake asubuhi, kwa nauli niliyokopa kwa simu kutoka kwa shemeji, na nilipofika Kampala watu walikuwa wanakunja mahema. Mwanangu alivaa joho bila mimi. Alinipokea kwa heshima na hakunilaumu hata kwa neno moja. Upande wa baba yake, hata hivyo, wapo ambao hadi leo, kila panapokuwa na shughuli, huuliza kama safari hii nitafika siku yenyewe au kesho yake. Maneno hayo huniuma mpaka sasa, na siyaandiki hapa ili nionewe huruma. Nayaandika kwa sababu kosa langu lilikuwa la hesabu, na hesabu hufundishika.

Mwezi uliopita nilikwenda Kampala tena, safari hii kwenye arobaini ya kuzaliwa kwa mjukuu wangu, mtoto wa kijana yule yule. Nilitua Nairobi saa 1:40 asubuhi, na ndege ya Entebbe ilikuwa ya saa 10:15 jioni. Kwa mtu anayehesabu kuanzia mwanzo, hizo ni saa 8 na nusu. Mimi nilianzia mwisho. Kutoka saa 10:15 nilirudi nyuma saa 2 kwa ajili ya ukaguzi wa usalama na kutafuta lango, nikapata saa 8:15. Nikarudi nyuma tena kwa muda wa barabara, ambao niliuhesabu kuwa saa nzima na robo ingawa dereva aliniapia kwamba barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, ingetufikisha kwa nusu ya muda huo, nikapata saa 7 kamili. Hiyo ndiyo saa ya kuwa nje ya lango la msitu, nimekwisha kubadili nguo na dereva amekwisha kuwasha gari. Uhamiaji na barabara ya kwenda vilikula muda hadi saa 4 kasoro kidogo. Katika zile saa 8 na nusu, basi, saa za msitu zilikuwa 3. Niliziandika kwa kalamu nyuma ya mkono, kwa sababu simu huzimika na wino hauzimiki.

Saa 3 zile nilizitumia vizuri kuliko siku nyingi za maisha yangu. Nilianza kwa kutembea, kisha nikaingia mchakamchaka wa taratibu, na hapo nikakumbushwa jambo ambalo watu wa pwani hulisahau. Sisi hukimbia usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea. Mwendo ninaouweza kutoka Raskazone hadi Bustani ya Jamhuri bila kusimama, pale ulinikatisha pumzi kabla ya kilomita ya pili. Sikushindana nao. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea. Mbega walikuwa juu ya miti, wamekaa kimya na mikia yao mirefu myeupe imening'inia, na njia ilikuwa kavu. Nilimfikiria Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ambaye mwezi wa Januari 1999 alikwenda pale kupanda miti kuzuia ardhi ile isigawiwe wajenzi, akapigwa na walinzi mpaka akatokwa damu, na miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kijia ninachokanyaga mimi mpita njia wa Tanga kililipiwa na mwanamke yule. Maporomoko sikwenda. Nilifika kwenye kibao kinachoelekeza huko, nikatazama mkono wangu, nikageuka.

Saa 7 kasoro dakika 10 nilikuwa kwenye lango la msitu. Kwenye arobaini nilifika jana yake, na aliyenipokea mlangoni alikuwa wifi yangu mmoja, miongoni mwa wale wale. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu, lakini nilijisikia mrefu.

Ndugu zangu, tunakaa mno. Mtu atasafiri siku mbili akiwa ameketi, kutoka kiti cha basi hadi kiti cha ndege, na anapopata saa nyingi za kusubiri huzimalizia kwenye kiti cha tatu, akila viazi vya kukaanga na kutazama simu, kisha hufika ugenini akilalamikia mgongo. Miguu haikuumbwa ikunjwe siku nzima. Lakini anayetaka kuinyoosha nje ya uwanja na ajiandae kabla ya kuondoka nyumbani. Akiwa Dar es Salaam athibitishe kwamba sanduku limeandikishwa hadi mwisho wa safari, ili asilikute Nairobi likimsubiri. Abaki na begi dogo la mgongoni lenye maji, fulana ya kubadili na kanga mbili, moja ya kujifutia na moja ya kujisitiri. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano visitoke mwilini. Akubaliane na dereva mmoja wa kwenda, kungoja na kurudi. Wangu ndiye aliyenilipia hata kiingilio cha msitu kwa simu yake, kwa maana pale hawapokei fedha taslimu, nami nikamrudishia. Na zaidi ya yote, ahesabu kuanzia mwisho, akikumbuka kwamba lango la ndege hufungwa kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi.

Mazoezi yafanyike hapa hapa. Jumamosi nenda Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini, ukiwa na begi lile lile mgongoni, utembee karibu na mto Mkulumuzi, ujue unakwenda kilomita ngapi kwa saa. Ukiijua namba hiyo, ipunguze kwa ajili ya mwinuko wa Nairobi, nawe utajua ugeukie wapi kabla hata hujaingia msituni.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Pangani. Kwa saa 5 za kwenda, usitoke. Ondoa 2 za mwisho, ondoa barabara mara mbili, ondoa foleni ya uhamiaji, hutabakiwa na kitu cha kutembelea. Tembea ndani ya jengo, kutoka lango la kwanza hadi la mwisho na kurudi, mpaka nusu saa iishe, kisha ukae karibu na lango lako. Saa 10 za kurudi ndizo zako, maadamu unatua asubuhi; ukitua alasiri usiende, kwa kuwa msitu hufungwa jioni. Niandikie saa kamili za tiketi yako tuzihesabu pamoja. Na raba zako zivae miguuni tangu Kigali, usizitie kwenye sanduku.