Mahindi Hayakuharibika, Niliyaharibu

Mwezi Julai, miaka michache iliyopita, nilichukua mkopo katika kikoba chetu, nikanunua magunia 46 ya mahindi kwa wakulima wa vijiji vilivyo jirani na Makambako, nikayahifadhi katika chumba nilichokodi, nikitarajia kuyauza Februari wakati akiba za watu zimepungua na bei imepanda. Nilipofungua mlango mwezi Januari nilikuta vumbi la unga limetanda sakafuni kana kwamba mtu alikuwa akisaga humo ndani, na magunia ya safu ya chini yalikuwa yameshikana kwa ukungu. Nilisimama pale mlangoni nikasema, “Mahindi yameharibika.”

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi kauli ya kutendeka, ambayo mtenda hatajwi wala hahitajiki: kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika, nguo imechanika. Ni kauli halali, na mara nyingine ndiyo iliyo sahihi kuliko zote, kwa maana vitu huharibika kweli bila mkono wa mtu. Hata hivyo, siku ile niliitumia kama pazia. Kila nilipoulizwa na wenzangu ni nani hasa aliyeyaharibu, nilikuwa na majibu mengi, na katika majibu hayo sikuwamo.

Jibu la kwanza lilikuwa muuza pembejeo, ambaye nilidai aliniuzia dawa hafifu ya kukinga mahindi na wadudu. La pili lilikuwa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Nilifikia hata kujifunza historia yake, nikawa nawaeleza walimu wenzangu kwamba mdudu huyu si wa kwetu, kwamba asili yake ni Amerika ya Kati na kwamba hapa nchini alianza kuonekana mkoani Tabora karibu na mwaka 1980. Yote hayo ni kweli, lakini mdudu aliyekwisha kukaa nchini miaka arobaini hawezi kuwa habari mpya kwa mtu anayeweka mahindi. Jibu la tatu, ambalo hadi leo linanichoma, lilikuwa kijana niliyemwajiri kupakia na kulinda. Nilisema katika kikao cha kikoba, mbele ya watu zaidi ya ishirini, kwamba huenda aliiuza dawa badala ya kuitumia, kisha nikamzuilia ujira wake wa miezi miwili.

Kilichonizindua hakikuwa dhamiri, nasema ukweli, bali risiti. Nilikuwa nikitafuta karatasi nyingine ndani ya andalio la masomo nikaikuta: pakiti 12. Maelekezo ya dawa ile yalikuwa pakiti moja kwa magunia mawili, kwa hiyo nilihitaji pakiti 23. Hapo nikakumbuka vizuri maneno niliyomwambia yule kijana, kwamba aigawanye hivyo hivyo mpaka ienee. Alifanya kama nilivyomwagiza.

Usiku ule nilichukua kalamu nikafanya zoezi ninalowapa wanafunzi, la kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutendeka kwenda kauli ya kutenda, isipokuwa safari hii mtenda alikuwa nafsi ya kwanza. Nilinunua dawa nusu ya iliyohitajika. Niliyaingiza mahindi ndani baada ya kuyaanika kwenye turubai siku mbili tu, kwa sababu sikutaka kulipia siku ya tatu. Sikuufungua mlango ule tangu Septemba. Ninakushauri ufanye vivyo hivyo jambo linapokwenda mrama: andika tendo, wewe mwenyewe ukiwa mtenda, kisha ujiulize kama sentensi hiyo ni ya kweli. Ikiwa si ya kweli, ifute bila kuona haya, kwa kuwa sishauri mtu ajitwike lawama zisizo zake. Wasichana wa kazi za ndani hubebeshwa kila kinachovunjika ndani ya nyumba, na hakuna uadilifu wowote katika kukubali mzigo wa namna hiyo. Wakulima walioniuzia mahindi mabichi nao wana sehemu yao. Lakini bwana shamba alikuwa amekwisha kunifundisha kipimo cha chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unaacha kwa takribani robo saa, na chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa unajua kwamba mahindi bado yana unyevu na hayafai kuwekwa. Nilikijua kipimo hicho na sikukitumia.

Jambo ambalo sikulitarajia ni hasara iliyofichika ndani ya lawama zenyewe. Kwa msimu uliofuata nilikuwa nimekwisha kupanga kubadilisha duka la dawa na kutafuta kijana mwingine, ilhali idadi ya pakiti na siku za kuanika zingebaki zilezile. Ningepata hasara ya pili kwa njia ileile, nikiwa na watu wapya wa kuwalaumu.

Nilikwenda nyumbani kwa yule kijana nikiwa na ujira wake wote. Hakuwapo, alikuwa ameanza kuendesha bodaboda. Nilimweleza mama yake kila kitu, naye akanisikiliza huku akichambua mboga, kisha akapokea fedha, akazihesabu na kusema, “Asante, mwalimu. Lakini walioambiwa kuwa mwanangu ni mwizi ni wengi. Nao utawaendea?”

Nilikuwa nimedhani kwamba kuomba radhi ni jambo la watu wawili. Tangu siku ile naamini kwamba radhi inapaswa kufika kila mahali ilikofika lawama, tena kwa sauti ileile, kwani mtu aliyechafuliwa hadharani hasafishwi kwa kunong’onezwa. Ikiwa ulimsingizia mwenzako ofisini mbele ya mkuu wa idara, usimwombe msamaha kwenye korido. Rudi kwa mkuu wa idara.

Katika kikao kilichofuata niliomba nafasi kabla ya sanduku kufunguliwa. Nilisema kwamba kijana hakuiba dawa, kwamba dawa niliinunua pungufu mimi mwenyewe na mahindi niliyaingiza mabichi kwa kubana matumizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa minong’ono, na kwa kweli ilikuwapo kidogo upande wa nyuma. Mama mmoja aliniuliza kuhusu kile kipimo cha chumvi, nikamweleza. Kisha katibu akafungua daftari.

“Tumekusikia, mwalimu. Rejesho la mwezi huu umekuja nalo?”

Nilikuwa nimekuja na nusu, nikasema ni nusu.