Kwa nini RER ya Paris haiishii stesheni kuu

Ndugu, umeuliza kwa nini RER A, treni ya vitongoji ya Paris, inapenya katikati ya mji, wakati treni za stesheni ya Waterloo, London, zinaishia pale pale. Tofauti ni muda wa kukaa jukwaani: inayopenya husimama kidogo, kisha huendelea mbele. Treni inayoishia, dereva ahamie chumba cha kuendeshea cha upande wa pili, kisha itoke kwa njia ile ile iliyoingilia, ikizuia zinazokuja. Sisi wa Tabora tunaijua kazi hiyo: mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza yakiachanishwa, jukwaa linashikwa kitambo kirefu. Munich, Ujerumani, walifungua handaki la reli chini ya katikati ya mji mwaka 1972, na karibu treni zote za vitongoji zinapita humo. Ila mlango mmoja ukigoma kufunga handakini, matawi yote yanachelewa. Hata hivyo, mimi nachagua handaki.