Kumfundisha mtoto sh, ch na th za Kiingereza: anzia kwenye chapati

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chekechea niliandika ubaoni neno "ship", nikawaambia watoto wasome. Darasa zima likaitikia: "Shi-pu!" Nikafuta, nikaandika "fish". "Fi-shi!" Nikadhani nimepewa darasa la watoto wagumu. Ulipita karibu muhula mzima kabla sijang'amua kwamba walikuwa wakifanya kile kile nilichowafundisha mwenyewe asubuhi ya siku hiyo, kwenye kipindi cha Kiswahili: sha, she, shi, sho, shu. Kwao sh ni kama mama aliyebeba mtoto mgongoni, haitembei bila irabu yake.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu mwenzangu, kabla hujanunua chati yoyote ya foniksi, yaani ya kusoma kwa sauti za herufi, mtoe mtoto ile irabu. Kwa sh ni rahisi. Weka kidole mdomoni kama unayemnyamazisha mtu: shhhh. Mtoto anaijua sauti hiyo tangu akiwa mgongoni. Halafu mpe neno la Kiswahili ambalo sh yake imesimama peke yake, nalo tunalo: shtuka. Mwambie aliseme, kisha alikate njiani, abaki na ile sauti ya mwanzo tu. Watoto wangu wanalipenda kwa sababu linakuja na kuruka.

Ch ina ukaidi zaidi, kwa sababu haivutiki. Sh unaweza kuivuta mpaka pumzi iishe, ch hupasuka mara moja ikaisha. Mimi huwaambia wapige chafya ndogo ya paka, "ch!", kisha wainong'one. Mtoto akinong'ona irabu hudondoka yenyewe. Mwambie aweke kiganja mbele ya mdomo: kwenye sh atasikia upepo unapita taratibu, kwenye ch atasikia umempiga mara moja. Huhitaji kumweleza zaidi ya hapo.

Baada ya sauti, vizibo. Nina kopo la vizibo vya soda, na kwa kweli ndilo kifaa cha maana kuliko vyote nilivyo navyo darasani. Kila sauti inapewa kizibo kimoja. "Sun" vitatu. "Ship" je? Mtoto atahesabu herufi na kuweka vinne. Hapo usimkosoe, mwambie aseme tena polepole akisukuma kizibo kwa kila sauti anayoisikia: sh, i, p. Kizibo cha nne kinabaki bila kazi. Ukiona macho yanatoka kizibo hadi ubaoni na kurudi kizibo, jua ameelewa kwamba s na h zimekaa kiti kimoja. Wengine huelewa siku ya kwanza, wengine wiki ya tatu. Ni sawa.

Sasa chapati. Mtoto anayezungumza Kiswahili haanzi sifuri, na sisi walimu tunamfundisha kana kwamba hajawahi kuzisikia sauti hizi. Anakunywa chai, anakula chapati na chipsi, anavaa shati kwenda shule, na dukani bei zimeandikwa Sh 20, Sh 50. Chaki iko mkononi mwangu kutwa nzima. Shati na "shirt", chaki na "chalk", chipsi na "chips" ni ndugu, na mtoto akionyeshwa undugu huo hucheka kama aliyemkuta jirani yake mjini. Anza na maneno hayo. Zile chati zenye picha ya mnyama aitwaye "chinchilla" mimi nimeziacha ukutani ziwe mapambo.

Kuna tahadhari moja ya upande huu. Kiswahili sanifu hakina c inayosimama peke yake, huja na h tu. Kwa hiyo usishangae mtoto akiiona c ya "cat" na kusoma "chat". Mfundishe c ya "cat" na "cup" ikae vizuri kwanza, ndipo uilete ch. Na sh na ch usiziweke wiki moja. Nilijaribu kwa sababu kitabu kilisema hivyo, zikachanganyika kama nywele za watoto wa chekechea siku ya Ijumaa.

Th ndiyo iliyonifundisha kunyamaza na kusikiliza. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nyumbani kwetu ukisema "zahabu" badala ya dhahabu, shangazi anakusimamisha hapo hapo. Nilipohamia Nakuru nikakuta darasa la watoto wa lugha nyingi, kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia. Kwa Kikuyu, th husomwa kama dh yetu, kama katika githeri, hivyo mtoto aliyekulia na lugha hiyo "think" yake huanza na dh bila wasiwasi. Kijaluo nacho hakina sh, kwa hiyo "ship" hutoka "sip".

Kulikuwa na msichana mmoja aliyesema "sip". Nikamrudisha mara tatu mbele ya wenzake, kila mara kwa sauti kubwa kidogo. Mara ya nne hakujibu, na hakuinua mkono wiki mbili zilizofuata. Kosa lilikuwa langu: nilimtaka aseme sauti ambayo masikio yake hayajaitenga na s. Siku hizi tunaanza na sikio. Mimi nasema, wao wanainua kidole gumba wakisikia sh: "sip, ship, sell, shell". Hakuna anayetakiwa kufungua mdomo. Siku kadhaa za mchezo huo, kisha ndipo tunajaribu kusema. Yeye alianza tena kujibu kwa kidole gumba.

Tukirudi kwenye th, Kiswahili kimewazidi Waingereza kwa uungwana. Sisi tuna th ya thelathini na dh ya dhahabu, kila moja na maandishi yake. Wao wameziandika zote mbili "th" na kumwachia msomaji abahatishe. Kwa hiyo ubaoni nina nyumba mbili. Nyumba ya thelathini imeandikwa kwa chaki nyeupe: "thin, think, thumb, three". Nyumba ya dhahabu ni ya chaki ya njano: "this, that, the, then, they, there". Mtoto anaweka kiganja kooni: kwenye dhahabu koo linatetemeka, kwenye thelathini limetulia. Ukiziangalia vizuri nyumba hizo utaona jambo linalosaidia sana: th ya mwanzo ikiwa na sauti ya dh, karibu kila mara ni katika yale maneno madogo ya kuonyesha na kuunganisha, ambayo mtoto atakutana nayo kila ukurasa. Maneno ya vitu na vitendo hukaa kwa thelathini. Mimi huanza na njano, kwa sababu bila "the" na "this" hakuna hadithi itakayosomeka.

Ulimi uonekane kidogo kati ya meno. Nina vioo vidogo vinne, wanapokezana. Waliong'oka meno ya mbele hufurahia zoezi hili kupita kiasi, na s zao zote hugeuka th kwa miezi kadhaa, jambo ambalo hatuligombanii.

Wazazi wengine huniuliza mtoto atapata lini "twengi", ile lafudhi ya Kizungu. Hilo silifundishi. Mtoto akisema "tree" akimaanisha tatu, lakini akaandika "three" na kulitambua kitabuni, mimi nimeridhika. Hata watoto wa Kiingereza wenyewe huchelewa kuishika th, wengine wanafika shule bado wanasema f.

Zilizobaki hazinichukui muda. Wh ya "what" na "white" ni w yetu ya wali, isipokuwa "who" na ndugu zake, ambayo nawaambia tu waikariri. Ph ni f, nayo naiacha hadi watakapokuwa wakubwa kidogo, ila mtoto akiuliza kuhusu kibao cha famasia namjibu.

Maswali ndiyo huja bila ratiba. Muhula uliopita mvulana mmoja alikuja asubuhi akiwa ameona matatu iliyoandikwa Thika, akataka kujua ni ya nyumba gani. Sikujibu. Nikamwambia aulize wenzake, na nusu ya darasa wakaweka viganja kooni wakawa wanaitaja Thika kwa zamu, wanasikiliza mtetemo. Tukaiandika kwa chaki ya njano.